"Ndiyo" ya Waingereza si "Ndiyo" Yetu

Wengi kati yetu siku hizi tunajifunza Kiingereza. Huku kwetu Lubumbashi sababu yake iko wazi. Mpaka wa Zambia hauko mbali, na ukiisha kuvuka Kasumbalesa, vibao vya barabarani ni vya Kiingereza, na karatasi zote za forodha vilevile. Tena tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022, vijana wanasema kwamba asiyejua lugha hiyo atabaki nyuma. Mimi siwapingi. Lakini nataka kuwasimulia habari ya neno moja dogo la Kiingereza, neno ambalo kila mtoto hulijua siku ya kwanza ya masomo, nalo lilinitia aibu mimi, mzee wa chaki na ubao. Neno lenyewe ni "yes".

Nilikuwa mwalimu wa Kifaransa kwa miaka zaidi ya 20. Kiingereza nilijifunza peke yangu, wakati wa jioni, kwa kitabu kikuukuu nilichonunua sokoni, ambacho kurasa zake za mwisho zilikuwa zimekwisha kung'oka. Nilishika maneno mengi kwa moyo: viungo vya mwili, vyombo vya jikoni, ndege na miti. Watu wa mtaani wakanisifu. Mtu akipata karatasi ya Kiingereza huileta kwangu, nami humweleza. Polepole nikaanza kujiona mtaalamu. Kumbe mtu anayesifiwa na wale wasiojua kitu hajapimwa bado.

Mwaka 2011 yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, aliugua. Yaya huyu ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufa. Aliuza samaki wakavu sokoni, na kwa beseni lile lile la samaki akanilipia masomo mpaka nikapata diploma yangu. Basi uvimbe ukamshika tumboni, akakonda, akawa hawezi tena kuinua beseni lake. Ndugu yetu mmoja aliyekaa Zambia akatuletea habari kwamba katika hospitali moja ya kule, upande wa machimbo ya shaba, wamekuja waganga wa kigeni kusaidia kupasua wagonjwa, na malipo yao si makubwa. Tukakusanya pesa, kila mmoja alichokuwa nacho, tukapanda gari.

Njiani nikamwambia: "Yaya, usiwe na hofu. Mimi nitasema nao." Yeye hakujua Kiingereza hata neno moja, lakini Kibemba alikisema vizuri sana, kwa maana marehemu mume wake alikuwa Mbemba. Na Kibemba ndicho watu wengi wa upande ule wa Zambia husemezana. Lishikeni jambo hili, kwa maana ndipo kosa langu lilipoanzia. Mwuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya upole. Akamsalimu yaya kwa Kibemba, na mara wakazungumza kama watu wa nyumba moja. Akasema kwamba atamfasiria mganga maneno ya mgonjwa. Mimi nikaingiwa na wivu. Je, nimesoma miaka yote hii ili nikae kimya kama mzigo? Nikasogea mbele, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mimi ni mwalimu, na kwamba nitajibu mwenyewe.

Wakatupa siku, Jumanne asubuhi. Wakatuagiza kwamba mgonjwa asile kitu tangu usiku wa manane. Yaya akatii. Hata harufu ya chai ya wagonjwa wengine ilipomfikia, aligeuza uso ukutani. Ilipopambazuka akaja kijana mmoja wa Uingereza, mganga mwenye kazi ya kuwatia wagonjwa usingizi kabla ya kupasuliwa. Wakati ule mwuguzi wetu alikuwa ameitwa chumba kingine. Mganga akashika kalamu, akanitazama mimi, akauliza: "She hasn't eaten anything?" Ndiyo kusema: "Hajala kitu?"

Nami nikajibu kwa sauti kubwa, kama mwanafunzi anayejua somo lake: "Yes!"

Akanitazama tena. Akauliza: "Yes?" Nikasema: "Yes, yes, doctor!" Akaandika neno katika karatasi, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Saa zikapita. Tukawaona wagonjwa wengine wakichukuliwa mmoja mmoja. Mchana wakatuambia kwamba yaya hatapasuliwa siku ile, kwa sababu amekula. Na mganga mwenye kupasua alifanya kazi ile siku ya Jumanne peke yake. Basi tungoje juma zima.

Hasira niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Nilifikiri wanataka rushwa. Nilifikiri wanatudharau kwa kuwa sisi ni Wakongo. Yaya, ambaye midomo yake ilikuwa imekauka kwa njaa na kiu, akaniuliza polepole: "Mdogo wangu, uliwaambia nini?" Nikamjibu: "Niliwaambia kweli tupu." Na wakati ule nilisadiki hivyo.

Jioni yule mwuguzi alinikuta nimekaa chini ya mti, nje ya hospitali. Akaniuliza: "Baba, mganga alikuuliza namna gani? Nawe ulijibu namna gani?" Nikamweleza neno kwa neno. Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka alipoona uso wangu. Akasema: "Kama ningekuuliza mimi, ningekufahamu. Sisi huku tukisema Kiingereza, mara nyingi twajibu kama katika Kibemba. Twasema: 'Yes, she hasn't.' Twaitika kwa sababu twakubali maneno ya mwenye kuuliza. Lakini Mwingereza hafanyi hivyo. Ukimwambia 'yes' maana yake amekula."

Nikabaki kinywa wazi. Mtu hakunidanganya wala kunidharau. Mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, nilikuwa nimeshuhudia kwamba yaya amekula.

Ndugu zangu, tulitazame neno hili vizuri. Mtu akikuuliza kwa Kiswahili, "Hujaenda sokoni?" nawe kweli hujaenda, utajibu: "Ndiyo, sijaenda." Kwa nini? Kwa sababu "ndiyo" yetu maana yake ni "ni hivyo ulivyosema". Inamtazama mwenye kuuliza, inampa haki yake: umesema vema. Na kama umekwenda, utasema: "Sivyo, nimekwenda." Jibu letu hulinganishwa na maneno ya mtu.

Waingereza hawalinganishi na maneno ya mtu, hulinganisha na tendo lenyewe. Kama tendo limefanyika, husema "yes". Kama halikufanyika, husema "no". Ukimwuliza kwa kukanusha au bila kukanusha, kwake ni mamoja. "Has she eaten?" Amekula? "Hasn't she eaten?" Hajala? Kama tumbo ni tupu, jibu la maswali yote mawili ni "no". Jibu nililotakiwa kutoa siku ile lilikuwa "no", tena "no" hiyo ingemfungulia yaya mlango.

Aibu yangu ilizidi nilipokumbuka kazi yangu. Wafaransa nao hufuata njia hiyo hiyo. Ukimwuliza Mfaransa: "Tu n'as pas mangé?" naye amekwisha kula, hasemi "oui", husema "si". Neno hilo "si" nimelifundisha miaka 20. Nimewapa watoto maksi kwa ajili yake, na wengine nimewanyima. Lakini jambo lililo ubaoni ni lingine, na jambo lililo kinywani wakati wa hofu ni lingine. Wakati wa hofu mtu husema lugha ya mama yake, hata akiisema kwa maneno ya wageni.

Baadaye nilisoma kwamba Waingereza wenyewe zamani walikuwa na maneno manne, si mawili. Kwa swali lisilo na kukanusha walijibu "yea" au "nay". Kwa swali lenye kukanusha walijibu "yes" au "no". Basi hili "yes" lenyewe, hapo mwanzo, lilifanya kazi ya "si" ya Wafaransa: sivyo ulivyosema, amekula! Na mtu aliyetuachia ushuhuda wa jambo hili ni Thomas More, yule mwanasheria wa London aliyekatwa kichwa mwaka 1535 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1935. Mwaka 1532 aliandika kitabu kirefu cha kumpinga William Tyndale, aliyefasiri Agano Jipya kwa Kiingereza na kulichapisha mwaka 1526. Katikati ya mabishano makubwa ya dini akasimama kidogo ili kumsahihisha juu ya neno moja tu: mahali palipotakiwa "nay", Tyndale ameweka "no". Baadaye desturi ile ilififia, "yea" na "nay" zikazeeka, yakabaki maneno mawili kufanya kazi ya manne. Niliposoma hayo nilifarijika kidogo. Kama wenyeji wa lugha waliweza kugombana juu ya "no", mimi mgeni si wa kwanza kujikwaa.

Lakini turudi kwenye mti wetu. Yule mwuguzi alinipa shauri moja ambalo ningependa kila mwanafunzi alichukue. Alisema: "Baba, usijibu kwa neno moja. Jibu kwa maneno kamili. Sema: 'She has not eaten.' Hapo hata mganga akiwa Mwingereza, hata akiwa Mchina, hawezi kukosea."

Tangu siku ile nilianza kuutazama upya mpango wa maswali ya Kiingereza, nami nikaona kwamba una adabu yake. Karibu kila swali la namna hiyo lina neno dogo la msaada linalotangulia mbele, na jibu zuri hulirudisha neno lile lile. "Is he at home?" Yuko nyumbani? "Yes, he is." "Can you wait?" Waweza kungoja? "No, I can't." "Have they paid?" Wamelipa? "Yes, they have." Ni kama mtu anayebisha hodi kwako na kukunyoshea mkono wa kuume: nawe humpi wa kushoto. Akikuuliza kwa "have", mjibu kwa "have". Akikuuliza kwa "can", mjibu kwa "can".

Na kama sentensi haina neno la msaada? Basi wanaazima "do". "You sell flour" ni "Unauza unga". Kuuliza ni "Do you sell flour?" na jibu ni "Yes, I do." Hili "do" wanafunzi wangu hulichukia sana. Huniuliza: "Mwalimu, maana yake nini hapa?" Nami huwajibu: hapa halina maana, lina kazi. Hata katika Kiswahili tunalo neno "je" linalosimama mbele ya swali, wala hatuulizi lina maana gani. Zamani Waingereza nao waliweza kuuliza bila "do", kwa kugeuza tu maneno, kama Wafaransa wafanyavyo. Katika michezo ya Shakespeare, aliyekufa mwaka 1616, njia zote mbili zinaonekana bega kwa bega. Siku hizi ile ya zamani imekufa katika mazungumzo ya kila siku, "do" imebaki.

Kuna swali moja ambalo hata mtu aliyeshika sheria ya "yes" na "no" huanguka. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa ndani ya gari kutoka mpakani. Bibi mmoja mzee akasimama karibu na kiti kilichokuwa wazi, akamwuliza kwa adabu: "Do you mind if I sit here?" Kijana akasikia maneno mawili tu, kukaa na hapa. Akajibu kwa furaha: "Yes, yes!" Yule bibi akamtazama kwa huzuni, akaenda kusimama nyuma. Kumbe "mind" maana yake hapa ni kuona vibaya. Bibi alimwuliza, "Utaona vibaya nikikaa hapa?" naye akajibu, "Ndiyo, nitaona vibaya!" Alipaswa kusema "No", halafu aongeze "please sit down", yaani tafadhali kaa. Mnaona tena faida ya maneno kamili.

Sasa nitawaambia jambo la kufurahisha. Katika Kiingereza kuna mambo ambayo Kifaransa hutupoteza, na Kiswahili chetu hutuongoza. Mara nyingi sisi Wakongo tuliosoma hufikiri kwamba njia ya kwenda kwa Waingereza hupitia kwa Wafaransa, kwa kuwa wote ni watu wa Ulaya. Si hivyo daima.

Tutazame "-li-" na "-me-". Mtoto akisema "Nilipoteza ufunguo", labda ufunguo ulikwisha kuonekana, ni habari iliyopita. Akisema "Nimepoteza ufunguo", twajua kwamba hata sasa mlango umefungwa, na sisi sote tuko nje. Waingereza hufanya vivyo hivyo. "I lost the key" ni nilipoteza. "I have lost the key" ni nimepoteza. Lakini katika mazungumzo ya Kifaransa, "j'ai perdu" hubeba yote mawili. Ndiyo sababu mwanafunzi anayefasiri kutoka Kifaransa huandika "My father has died in 1998", akimfuata Mfaransa anayesema "est mort en 1998". Mwingereza akisoma hukunja uso. Lakini mtoto yeyote wa mtaani kwetu hawezi kusema "Baba amekufa mwaka 1998". Atasema alikufa. Ukiisha kutaja mwaka, au jana, au juma lililopita, "-me-" huondoka na "-li-" huingia. Kwa Waingereza "has" huondoka vilevile: "My father died in 1998."

Na katika kukanusha pia. "Hakula" ni "she did not eat". "Hajala" ni "she has not eaten". Neno ambalo yule mganga aliniuliza lilikuwa "hajala" yetu kabisa, sura kwa sura. Sentensi niliifahamu vizuri sana. Ni jibu lililonipotea.

Hata hivyo tusiifuate "-me-" kama vipofu. Tukisema "mtoto amelala", twataka kusema kwamba sasa hivi yumo usingizini. Mwanafunzi akiandika "The child has slept", Mwingereza atafahamu kwamba mtoto ameupata usingizi wake, labda amekwisha kuamka. Atasema "The child is sleeping". Ndivyo ilivyo kwa amekaa, amesimama, amevaa: haya ni mambo ya hali, na kwa hali Waingereza hutumia "is", wakisema "he is sitting", "he is standing", "he is wearing a hat".

Jambo la mwisho ni neno "must", yaani lazima. Jirani yangu mmoja aliuza vitenge kwa mama mmoja wa Zambia. Akaniomba nimwandikie barua ya kumtuliza, kwamba si lazima alipe leo, anaweza kulipa akipata nafasi. Haya yalikuwa kabla ya safari ya hospitali, siku zile za kiburi changu. Nikaandika bila kufikiri: "You must not pay today." Siku nyingi zikapita, pesa hazikuja. Jirani akamfuata. Yule mama akatoa barua, akamwonyesha: "Wewe mwenyewe ulinikataza kulipa!" Maana "must not" si "si lazima", ni "usifanye, ni marufuku". Kwa "si lazima" Waingereza husema "You don't have to". Katika Kiswahili haturuki mpaka huo: "si lazima uje" na "lazima usije" ni maneno mawili mbalimbali, kwa kuwa tunajua kuweka "si" mahali pake. Basi kabla ya kuandika "must not", jiulize kwanza kwa Kiswahili: je, nakanusha ile lazima, au nakanusha tendo?

Mtauliza: yaya akawaje? Juma lile la kungoja lilikula pesa zetu zote, malipo ya chumba na ya chakula. Ikanibidi kurudi Lubumbashi kukopa. Jumanne ya pili yaya akapasuliwa, na hapakuwa na ndugu hata mmoja karibu na kitanda chake. Yule mwuguzi ndiye aliyemwosha na kumpa uji. Nilipofika Alhamisi nilimkuta amekaa, anatabasamu. Alipona. Mpaka leo anaishi.

Lakini fahamuni jambo moja linalonitisha hata sasa. Kosa langu lilianguka upande salama. Waganga hukataza chakula kwa sababu mtu akitiwa usingizi tumbo likiwa na kitu, chakula chaweza kupanda na kuingia katika mapafu, naye akafa. Siku ile yaya hakuwa amekula, nami nikasema amekula, tukapoteza juma moja. Je, kama angekuwa amekula, nami nikataka kumsahihisha mganga kwa desturi yetu, "Sivyo, amekula", nikaishia kwenye "No"? Angeandika: hajala. Neno moja.

Sasa yanipasa kuungama sehemu iliyobaki. Tuliporudi mtaani watu wakauliza: "Mbona mlikawia hivi?" Nami mbele ya wote nikajibu: "Hospitali ile haina mpango. Waganga wake hawasikilizi watu." Yaya alikuwa amekaa mkekani, akainamisha macho. Mimi nilidhani ni uchovu. Habari ile nikaisimulia tena na tena, na kila mara ilizidi kunoga. Nilikuwa mwalimu. Nilihofia watu wasije wakacheka.

Mwaka 2014 mtoto wa jirani yetu akawa na uvimbe shingoni. Tukasikia kwamba wale waganga wa kigeni wamerudi. Nikamwambia mama yake ampeleke. Akakataa katakata. Akasema: "Mwalimu, si wewe uliyetueleza mabaya ya mahali pale? Mtoto wangu wakamlaze njaa bure?" Nikamtazama mtoto, akicheza na kizibo cha chupa mchangani, shingo imempinda. Nikaona kwamba uongo wangu sasa unataka kula mtoto wa mtu.

Basi pale pale, barazani, yaya akiwapo, nikasema yote. Nikaeleza swali, nikaeleza "yes" yangu, nikaeleza jinsi nilivyomzuia mwuguzi kufasiri kwa ajili ya kiburi. Watu wakanyamaza. Kisha wengine wakacheka, na kicheko chao hakikuniua.

Nikamgeukia yaya nimwombe msamaha. Akasema: "Mdogo wangu, mimi nilijua. Mama yule aliniambia kwa Kibemba usiku ule ule. Nimengoja miaka mitatu nisikie utasema lini."

Nikamwuliza: "Hukunikasirikia?" Akajibu: "Ndiyo." Wote tukacheka, kwa maana hakuna aliyejua kama alijibu kwa desturi yetu au kwa ile ya Waingereza. Hata leo hajanifafanulia.

Yule mtoto alipelekwa. Safari hiyo mama yake alisema mwenyewe kwa Kibemba, na mwuguzi akafasiri. Mimi nilibeba mizigo. Kovu lake halionekani sana, na sasa ni kijana anayekuja kwangu jioni kujifunza Kiingereza pamoja na wenzake.

Somo la kwanza ninalowapa si majina ya ndege na miti. Nawasimamisha wawili wawili, mmoja mganga, mmoja ndugu wa mgonjwa. Mganga anauliza: "She hasn't eaten?" Na yule wa pili hana ruhusa kukaa chini mpaka ajibu kwa maneno kamili: "No, she has not eaten." Mara nyingine yaya hupita na beseni lake kichwani, akasimama mlangoni kusikiliza. Maneno hayo ya Kiingereza sasa anayajua, ni hayo peke yake. Akisikia mtoto amekosea, hutikisa kichwa, hunitazama mimi, akaendelea na njia yake.